Kweli ya Ukuta

Je, ukuta waweza kusema uongo? Najua swali hili litamchekesha msomaji, maana ukuta hauna ulimi wala nia, na pasipo nia hapana uongo. Hata hivyo wako watu wenye elimu, na mmoja wao ni mdogo wangu wa tumbo moja, wanaosadiki kwamba ukuta uliopigwa lipu ni ukuta mwongo, na kwamba ukuta wa zege tupu, ulioachwa kama ulivyotoka katika mbao zake, ni ukuta mkweli. Mimi pia nilipata kuisadiki habari hiyo. Niliisadiki kwa miaka kadhaa, nikaitolea mifano darasani, na mwisho nikatoa fedha ili itimizwe katika kiwanja cha mama yetu mzazi mjini Mpanda. Nitakayoyasema hapa ni hesabu ya imani hiyo.

Asili yake si ya kwetu, wala hapana aibu kuikiri. Mwaka 1952, katika mji wa Marseille, Ufaransa, ilimalizika nyumba kubwa ya ghorofa iliyobuniwa na Le Corbusier, yenye makao 337 ndani yake. Vita vilikuwa vimekwisha si zamani, chuma kilikuwa adimu, wajenzi walikuwa wengi na ufundi wao haukulingana. Zege likatoka katika mbao likiwa na mabaka, michirizi na alama za misumari. Msanifu angaliweza kuyafunika yote kwa lipu. Hakufanya hivyo. Aliona kasoro zile kuwa ni kama makunyanzi na alama za kuzaliwa katika mwili wa mwanadamu, nao mwili hautupwi kwa sababu una kovu. Zege hilo Wafaransa huliita kwa neno lenye maana ya ghafi, au bichi. Katika miaka ya 1950 Waingereza walilitwaa neno hilo likazaa jina la mtindo mzima wa ujenzi, na katika lugha yao jina hilo lasikika kama ukatili. Nusu kwa makusudi na nusu kwa mzaha, mtoto alipewa jina baya, nalo likamfuata mpaka uzeeni.

Haikuchukua muda mrefu imani hiyo kufika kwetu. Aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amekaa chini ya paa la zege la Ukumbi wa Nkrumah, na ambaye hakusoma hapo pengine alipata kuubeba mfukoni, maana ulichorwa katika noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Beda Amuli, anayetajwa kuwa Mwafrika wa kwanza nchini Tanzania kuwa msanifu majengo, alilijengea soko la Kariakoo paa la miavuli ya zege iliyogeuzwa, ili mvua ikusanyike na kuteremka katika hifadhi iliyo chini. Soko hilo lilifunguliwa mwaka 1975. Wauza nyanya wa Kariakoo hawakuhitaji kufundishwa maana ya paa lile: walikuwa wakivuliwa, nalo likakinga maji. Moto ulipoliunguza soko mwezi Julai 2021, nilisikia watu wasiojua jina la msanifu wake wakililia kama mtu aliyefiwa na jirani.

Lakini soko ni la wote, na ukumbi ni wa wote. Nyumba ya kulala ni jambo jingine. Katika nyumba ya kulala mtu mmoja ndiye anayejibu maswali ya wapitao.

Wala mtu asidhani kwamba zege ni kitu kigeni kilichotujia pamoja na meli za karne iliyopita. Kule Kilwa, ambako Ibn Battuta alipita mwaka 1331, kuba na matao yalijengwa kwa vipande vya matumbawe vilivyoshikamanishwa kwa chokaa, na hilo ni zege kwa kila maana ya neno. Katika miji ya mawe ya pwani, sakafu na dari za nyumba zilimwagwa kwa mchanganyiko wa namna hiyo, kisha zikatwangwa kwa magongo siku nyingi, watu wakiimba. Na baada ya kutwanga, kuta zilipakwa chokaa nyeupe. Wazee wetu wale hawakuona kwamba kupaka chokaa ni kuficha. Chokaa ililinda matumbawe na mvua, ikapunguza joto, ikaonyesha kwamba ndani ya nyumba yumo mtu mwenye adabu. Nilipomkumbusha mdogo wangu jambo hilo alinijibu kwamba wazee wale hawakuwa na saruji ya kiwandani. Jibu hilo lina ukweli, ila si jibu la swali nililomwuliza.

Sasa niseme habari ya Mpanda, kwa kuwa jambo hili halieleweki mbali na ardhi yake. Mpanda ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, mkoa uliokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Mji wenyewe ulikuzwa na risasi, yaani madini ya risasi, si risasi ya bunduki: kwa ajili ya mgodi ule reli ilijengwa kutoka Kaliua, kilomita 210 katika msitu wa miombo, na kufikia mwaka 1950 treni zilikuwa zikifika. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Mfuko wa saruji utokao pwani kwa njia hiyo husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kufunguliwa. Utokao Mbeya hupanda lori na kupita nyanda za Rukwa. Kwa hiyo saruji huko kwetu haikuwa kamwe kitu cha kawaida. Ilikuwa mgeni wa heshima, akafunguliwa sebuleni tu, katika sakafu na katika lipu ya ukuta wa mbele. Kuta nyingine zilitosheka na tofali za kuchoma na udongo.

Mwalimu Nyerere aliuona ugonjwa huu mapema. Mwaka 1977, alipoitazama miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwalaumu watu wanaokataa kujenga kwa tofali za kuchoma na vigae kwa sababu wanangoja bati na saruji, na saruji hiyo akaifanyia dhihaka kwa kuiita udongo wa Ulaya. Alikuwa na haki. Lakini yeyote aliyesimama kando ya tanuri la tofali katika Katavi, akayaona magogo ya miombo yakiingia mdomoni mwake usiku na mchana, ataongeza kwamba tofali nalo si malaika. Likichanganywa na mabani ya kukaushia tumbaku, tanuri limeula msitu mwingi. Mdogo wangu alilitumia jambo hili kama hoja yake ya kwanza: kwamba nyumba ya zege haichomi mti. Nilikubali. Baadaye nilihesabu mbao zilizonunuliwa kwa kufungia zege, zikatumika mara mbili na kupasuka, nikanyamaza.

Nyumba aliyoichora ilikuwa nzuri. Sina budi kusema hivyo, na hata leo nasema hivyo. Kuta mbili zilizopinda zilisimama kama viganja viwili vinavyokinga maji, na juu yake bamba la zege lililoinuka upande mmoja ili mvua ya masika iteremke katika tangi la nyuma. Madirisha yalikuwa madogo, yamezama ndani ya ukuta kama macho ya mtu mwenye fikra. Hapakuwa na lipu, hapakuwa na rangi, wala bati. Alisema kwamba nyumba ni sanamu ambayo mtu aweza kulala ndani yake. Mama, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kupita miaka sabini, aliitazama karatasi akauliza jiko liko wapi.

Tulijenga wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba. Na hapa lazima nieleze kwa nini imani ya zege tupu ilinivuta, maana mtu hawezi kuiacha imani kwa haki kama hajaieleza kwa haki. Lipu huficha. Fundi aliyepunguza saruji ili auze mfuko mmoja, aliyeweka nondo nyembamba, aliyemwaga zege pasipo kulishindilia likabaki na matundu, wote hao husitiriwa na sentimita mbili za lipu laini. Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka, na watu 36 wakafa. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa nyingine ilianguka Kariakoo, ikaua zaidi ya watu 20. Sisemi kwamba lipu ndiyo iliyowaua. Hukumu hiyo si kazi yangu. Nasema kwamba baada ya misiba ya namna hiyo kila mtu huzitazama kuta za mahali anapolala na kujiuliza ndani mna nini. Sisi watu wa Katavi tuna sababu ya ziada, maana twakaa katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika ya Mashariki, na lile la Ziwa Tanganyika la tarehe 5 Desemba 2005 watu wengi wangali wanalikumbuka. Ukuta unaoonekana wote ni ukuta unaoweza kukaguliwa. Humtaka fundi awe mwaminifu tangu ndoo ya kwanza, kwa sababu hapana siku ya pili ya kufunika. Hiyo ndiyo kweli niliyoipenda, nayo ningali naipenda.

Basi mbao zilipofunguliwa katika ukuta wa kushoto, chini karibu na msingi, palionekana matundu. Kokoto zilikuwa zimekaa peke yake kama meno yasiyo na ufizi. Fundi mkuu, mtu mzima mwenye miaka mingi ya kazi, alikuna kichwa akasema kwamba sehemu ile ibomolewe na kumwagwa upya, au la sivyo ukuta wote upigwe lipu kama kuta za watu wengine. Kubomoa kulikuwa na gharama. Mdogo wangu alikaa kimya kwa muda. Jioni, mafundi walipokwisha kwenda, alikoroga saruji na mchanga mwembamba, akatafuta rangi iliyolingana na ukuta, akajaza matundu yale kwa mkono wake. Kisha akachukua kipande cha ubao akakigandamiza juu yake, ili alama za nyuzi za mti zitokee kama mahali pengine. Nilimshikia taa.

Sikuona wakati ule nilichokuwa nikikimulika. Nilikiona baadaye. Pale chini kulikuwa na lipu, tena lipu ya uongo kuliko zote, kwa sababu ilijifanya si lipu. Ukuta wa jirani uliopakwa chokaa hausemi, "Mimi sikupakwa." Wasema, "Nimepakwa," na kila mtu anajua. Wetu ulisema, "Mimi ni kama nilivyo," nao haukuwa hivyo kwa upana wa mita moja na nusu.

Na tangu nilipoanza kutia shaka, shaka zilifuatana. Niliutazama ukuta mahali palipotoka vizuri, nikaona nyuzi za mti, vifundo vya mti, mistari ya viungo vya mbao. Zege lenyewe halina sura. Ni uji, huchukua sura ya chombo chake. Kila ukuta wa zege ulitanguliwa na ukuta wa mbao uliojengwa kwa jasho na kubomolewa, na sura tunayoisifu kuwa ni ya zege ni sura ya ule uliobomolewa. Ndani yake nazo zimo nondo, ambazo ndizo mifupa, nazo zimefichwa na lazima zifichwe, kwa kuwa zikionekana zitashika kutu na nyumba itapasuka. Kumbe hata nyumba kweli kupita zote yaishi kwa kuficha! Hivyo haikuwa sahihi kuuliza kama ukuta waficha au hauficha. Ilinipasa kuuliza waficha nini, na wamficha nani.

Swali hilo la nani lilijibiwa na wanawake. Nyumba ilipokwisha, mdogo wangu alimshika mama mkono akamzungusha. Mama alipapasa ukuta, akatazama juu ambako bamba lilikuwa limeinuka, akasema, "Imependeza, baba. Lipu mnaanza lini?"

"Hakuna lipu, mama. Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo nini?"

Alihamia. Hakutaka kutuvunja moyo. Mwezi wa pili wake ndani ya nyumba ile, kikundi chake cha kuweka na kukopa kilikutana, na pasipo yeye kuomba, wenzake walikubaliana kumsogezea zamu yake mbele ya wengine watano, ili apate fedha za kumalizia nyumba. Waliona kwamba watoto wake wenye elimu wameishiwa njiani, wakamwonea huruma. Mmoja wao alizaliwa Katumba, katika makazi ya watu waliokimbia Burundi mwaka 1972, akapata uraia mwaka 2014 pamoja na wenzake baada ya miaka zaidi ya 40 ya kungoja. Mama huyo alimwambia mama yangu kwa upole, "Dada yangu, sisi tulikaa katika nyumba zisizomalizika kwa sababu hatukujua kama tutabaki. Wewe ni mwenyeji. Ivishe nyumba yako, watu wasidhani unahama." Mama alizipokea fedha, kwa kuwa kuzikataa kungekuwa kuwatukana. Kisha alinipigia simu. Hakulalamika. Aliuliza tu fedha zile azifanyie nini.

Mimi ni mwalimu wa lugha. Ilinipasa kujua kabla ya wote. Neno halina maana kwa sababu msemaji ameitaka. Lina maana kwa sababu wasikiaji wameikubali. Katika Marseille ukuta mbichi ulipata wasikiaji waliochoshwa na mapambo ya majumba ya kale, nao wakasikia unyofu. Katika Mpanda wasikiaji ni wengine. Neno bichi kwetu ni la kitu ambacho hakijaiva. Ukuta usio na lipu wasema kwamba fedha zimekwisha, au mwenye nyumba amefariki, au ndugu wanagombania mirathi. Kila asubuhi ukuta ule ulisimama barabarani ukasema maneno hayo kwa jina la mama yetu, naye hakuwa ameyasema. Yule aliyejenga ukuta kwa ajili ya kweli akamsingizia mzazi wake umaskini.

Mdogo wangu ana jibu, nalo si dogo. Asema kwamba kila neno jipya lilikuwa kosa siku ya kwanza lilipotamkwa. Kama wote wangengoja wasikiaji wakubali, lugha isingesogea na Kariakoo isingepata paa lake. Namkubalia. Ila anayelianzisha neno jipya na alianzishe kwa kinywa chake mwenyewe. Nyumba anayokaa yeye Dar es Salaam imepakwa rangi ya maziwa ndani na nje, na yangu kadhalika. Tulikuwa wajasiri kwa mgongo wa mwanamke mzee aliyekuwa umbali wa siku nzima na zaidi.

Wahenga walisema, kinyago ulichokichonga hakikutishi. Kwa muda mrefu nilifikiri methali hii yamcheka mchongaji anayeogopa kazi yake. Sasa nadhani yafaa kusomwa pia upande wa pili: kinyago alichokichonga mtu mwingine chaweza kukutisha, na mchongaji hatajua, kwa sababu yeye hakimtishi. Zaidi ya hayo, kinyago huwekwa pembeni au hufunikwa kitambaa. Nyumba ya kulala haifunikwi kitambaa. Anayeifanya kuwa sanamu humfanya mwenyeji kuwa mlinzi wa makumbusho yasiyo yake.

Nilipokwenda Mpanda likizo iliyofuata, nilimwuliza mama kilichomchukiza hasa, kama ni joto, kwa maana zege hushika jua la Oktoba na kulirudisha usiku, au ni maneno ya watu. Alisema joto alikwisha kulizoea, huhamishia mkeka barazani. Watu nao huchoka kusema. Kilichomsumbua ni kwamba nyumba ile haimtaki. Nilimwomba afafanue. Alinisimulia habari ya nyumba ya miti na udongo ambamo alizaliwa. Wanaume walisimamisha fito wakakandika. Lakini kila mwaka baada ya mvua wanawake waliteka udongo bondeni, wakauchekecha, wakasiriba kuta upya kwa viganja vyao, na msichana aliyeweza kusiriba ukuta ukanyooka alisifiwa. Mvua iliondoa, mikono ikarudisha. "Nyumba ilikuwa inatuita," alisema. "Hii haiiti mtu."

Sijapata katika kitabu chochote cha sanaa ya ujenzi hoja nzito kuliko hiyo. Tulikuwa tumeshindana kama lipu ni uongo au ni adabu, yeye akasema ni kazi. Ni njia ya mtu kuigusa nyumba yake kila mwaka na kuijua. Sifa tuliyoitangaza sisi, kwamba ukuta wetu hauhitaji kitu, kwake ndiyo iliyokuwa kasoro.

Fedha za kikundi alikuwa amekwisha kuzitumia kwa mbuzi watatu. Kwa ukuta alifanya jambo lake mwenyewe. Alikuwa ameagiza udongo mweupe, akausiriba upande wa baraza kuanzia chini mpaka mkono wake ulipofika, yaani kidogo juu ya bega. Kutoka hapo kwenda juu zege lilibaki na nyuzi zake za mti. Mpaka wa udongo ule haukunyooka. Ulipanda na kushuka kwa mawimbi kama alivyonyoosha mkono na kuchoka. Mahali ambapo mdogo wangu aliziba matundu palikuwa chini ya udongo, wala mama hakujua kwamba kulikuwa na kitu cha kuziba.

Mdogo wangu aliwasili siku mbili baada yangu. Alisimama kiwanjani kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba udongo haushikani na zege, kwamba utabanduka mvua za kwanza. Nilimjibu kwamba mama anajua hayo. Alisema kwamba unyevu utakaa nyuma yake na kuacha mabaka. Nikamjibu kwamba mabaka ndiyo makunyanzi aliyonifundisha kuyapenda. Hapo alikasirika, na alikuwa na haki, maana nilisema kwa kumchokoza. Tulibishana mpaka jua likaelekea kuzama, yeye akitetea umbo la ukuta, mimi nikitetea kitu ambacho hata mimi sikuweza kukipa jina, na hakuna aliyemshinda mwenziwe. Mama alitoka na ndoo yake, akatuomba tusogeze viti, kwa kuwa alitaka kumaliza pembe ile kabla ya giza kuingia.